Baba Zoltani Mtarajiwa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Siku ya tatu tangu mwanangu azaliwe. Kilo tatu na nusu. Kichwa kikubwa, dalili ya akili. Jina hana. Kwenye kadi ya kliniki wameandika "Mtoto wa Severina", kana kwamba mimi nilikuwa nasindikiza tu.

Nimeamua. Mwanangu hapewi jina la kuokota! Uchungu huo naujua. Nilizaliwa tarehe 12 Mei, baba akafungua kalenda ya watakatifu, akakuta Pankrasi, kazi ikaisha. Dakika moja! Sasa hapa Mjimwema, Songea, tuko Pankrasi watatu. Mmoja anachinja mbuzi, wa pili anakunywa pombe ya komoni tangu asubuhi, wa tatu ni mimi, mwenye duka la stesheneri na mashine mbili za fotokopi, moja nzima. Mtu akimtafuta Pankrasi huulizwa kwanza: wa mbuzi, wa komoni au wa karatasi?

Dukani leo wateja hakuna. Nimekaa na simu nikitafuta majina adimu ya watoto wa kiume, asili yake na maana yake. Nimefungua daftari jipya, nimepiga mistari, safu tatu. Nimeanza na ya nyumbani ili kupasha mkono moto. Pankrasi: Kigiriki, mwenye nguvu zote. Nilikuwa nahisi. Severina: Kilatini, mkali. Hili nilipaswa kuambiwa kabla ya ndoa.

Jioni katekista kapita kumwona mtoto. Kasema aliyezaliwa tarehe 6 Juni ni Norbeti, hakuna haja ya kuumiza kichwa. Nimemjibu kwa upole kwamba kichwa ni changu.

Jumanne, 10 Juni

Kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Tatizo ni Songea yenyewe. Wamisionari walikuja na majina yote ya Ulaya wakayamwaga huku. Kule hawakubakiza hata moja! Naandika Wolfgang: Kijerumani, mwendo wa mbwa mwitu. Nafurahi. Nakumbuka ndiye dereva wa bajaji aliyempeleka Severina kujifungua, na mwendo wake ulikuwa wa kobe. Naandika Ildefonsi: tayari kwa vita. Yupo, mwalimu mstaafu kule Hanga, anafuga sungura. Gaudensi: Kilatini, mwenye kufurahi. Fundi viatu wa karibu na soko. Meno yake sijawahi kuyaona. Kasimiri: Kipolandi, mvunja amani. Mwenyekiti wetu wa mtaa huyo, anayesuluhisha ndoa za watu!

Saa kumi alasiri nikaliona.

Zoltan. Asili: Hungaria. Maana: mtawala.

Nimelitamka mara kumi na tano. Nimeliongezea i mwishoni ili lisikwame kooni mwa wazee. Zoltani! Kisha nikajiita kwa sauti, hapo hapo dukani: Baba Zoltani. Mama aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akageuka kutazama nani kaingia.

Nimemwita Muhsini, jirani yangu wa duka la vitambaa, aje asikie. Kasikiliza, kafikiri, kasema hilo ni Sultani tu, limesafiri mbali na kurudi na koti. Nimefungua daftari. Muhsini: Kiarabu, mtenda wema. Leo hakutenda.

Severina nilimkuta ananyonyesha. Kasema yeye kabeba miezi tisa, mimi nimebeba simu siku mbili, basi nisimharakishe. Lakini "hapana" hakusema. Kwa mtu mkali, hiyo ni ndiyo.

Ubatizo ni Jumapili ya tarehe 6 Julai. Amebaki baba tu. Mzee wa miaka sabini na nne atanishinda kwa hoja gani?

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa baba, Mzee Rupert, na kilo mbili za sukari. Shikamoo. Marahaba. Alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nimeketi, nimemweleza Hungaria iko wapi, watawala wake, mito yake. Nimezungumza vizuri sana. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Tunamrudisha nani?"

Nilikuwa nimesahau! Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hapewi jina, anapewa mtu. Lazima awe wa ukoo, aliyepata kuishi, na mtoto ndiye anayemrudisha nyumbani. Baba kasema Hungaria hatuna mtu. Kisha akainama na kuendelea na mahindi yake, bila kutaja jina lolote. Mzee haombi. Lakini mimi si mtoto mdogo, nimeona. Anataka kurudishwa yeye, na arudishwe angali hai, ajione.

Nilimhurumia, kweli. Lakini Rupert! Mtoto mwenye jina la babu yake hakemewi, hachapwi, hatumwi chumvi. Ukimfokea umemfokea mzazi wako. Nitamlea vipi mtoto ninayepaswa kumwamkia?

Ijumaa, 13 Juni

Usingizi haukuja, ila akili ilikuja. Wanataka mtu wa ukoo? Watapata mtu wa ukoo! Penye nia pana njia.

Nimefunga duka mapema, nimekaa na kalamu. Zoltani alikuwa kaka mkubwa wa babu yangu. Mrefu, mabega mapana, hodari. Mwaka 1916 alichukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani vitani. Huko ofisa mmoja wa asili ya Hungaria aliupenda ushujaa wake, akampa jina lake mwenyewe. Akavuka mto Ruvuma na kikosi, hakuonekana tena. Nimemvusha mto makusudi. Nani atakwenda ng'ambo kuuliza?

Na nani aliniambia yote haya? Marehemu Bibi Theodosia, mama yake baba, aliyefariki mwaka 2019. Marehemu haitwi shahidi.

Wasifu umefika ukurasa mmoja na nusu. Nimepiga chapa nakala tano. Nimeusoma tena, nikasikitika hakuwahi kuishi. Mtu wa maana sana yule.

Jumamosi, 14 Juni

Ushindi! Karibu wote.

Baba alinisikiliza na punje za mahindi mkononi. Akauliza bibi aliniambia lini. Nikasema mwezi mmoja kabla hajafariki. Akasema bibi alipigwa kiharusi, na miaka miwili ya mwisho hakutamka neno. Nikasema haraka kwamba kwangu alitamka, peke yangu, wengine wakiwa shamba. Baba akaguna. Akauliza jina la nyumbani la huyo Zoltani, alilopewa na mama yake kabla ya Wazungu. Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikasema bibi alikata roho kabla hajalifikia. Nimekumbuka njiani kwamba nilikuwa nimeshasema mwezi mmoja kabla. Baba hakugundua.

Akatazama barabara. Kisha akasema, "Mtu aliondoka kwao, hakurudi, na hakuna aliyemlilia?"

Nikasema kwa huzuni, hakuna.

"Basi hatuwezi kumrudisha kabla ya kumlilia."

Nikamuuliza kumlilia vipi. Akanieleza kana kwamba ni jambo la kila siku. Asiyeliliwa hutangatanga. Ukimpa mtoto jina la asiyeliliwa, mtoto atalia yeye badala ya ukoo, asubuhi hadi asubuhi. Lazima msiba uwekwe. Na msiba ukiwekwa lazima wote waitwe, hata baba mkubwa Fransisko wa Namtumbo.

Huyu baba mkubwa ni kaka yake baba, na hajakanyaga ua wa baba miaka kumi na moja. Waligombana juu ya mpaka wa shamba. Nikasema kwa heshima kwamba baba mkubwa hatakuja. Baba akasema kwenye msiba mtu haendi kwa kupenda, anakwenda tu. Akanawa mikono, akaniomba simu yangu ampigie. Namba aliitaja kwa kichwa, tarakimu zote kumi. Amempenda mno huyu Zoltani!

Jumanne, 17 Juni

Msiba utakuwa kwangu. Baba kasema aliyeleta habari ndiye mwenye marehemu. Turubai limefungwa. Sufuria kubwa mbili zimeazimwa, kuni zimeletwa. Severina, na mtoto wa siku kumi na moja mikononi, kasema asiyekuwapo kapata turubai, na yeye aliyezaa hajapata hata supu ya kuku. Kilatini hakidanganyi.

Majirani wanaanza kuja kutoa pole. Muhsini kaja na mkeka. Kauliza nani katutoka. Nikasema babu. Kasema inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, lini? Nikasema kama mwaka 1917. Akanitazama kidogo. Kisha akauliza kwa nini habari imechelewa, nikamjibu mawasiliano ya ng'ambo yalikuwa mabaya. Ameacha mkeka. Jirani mwema, yale ya Sultani nimemsamehe.

Ijumaa, 20 Juni

Wamefika! Kwanza shangazi Kasiana, dada yake baba, kutoka Hanga. Kaanza kulia tangu kona ya mtaa. Kaingia uani anamwita Zoltani kwa jina, kajitupa chini, kashikwa na wanawake watatu. Alipotulia akaanza kusimulia. Zoltani alikuwa mfupi, jicho moja bovu, mcheshi, na mpenda kuku wa watu.

Mfupi! Mimi nimemwandika mrefu, mabega mapana! Nikachukua wasifu kumsahihisha shangazi. Akaniuliza kama mimi nilimwona. Nikasema sikumwona. Akasema basi ninyamaze. Shangazi kazaliwa mwaka 1946. Nimepiga hesabu mara mbili. Siwezi kuuliza.

Saa tisa likaingia gari la kukodi kutoka Namtumbo. Baba mkubwa Fransisko, fimbo mkononi, na mwanawe Amedeus, ambaye kwangu ni kaka. Wameleta gunia la mahindi na mbuzi. Amedeus ana mabinti wanne, na mwezi uliopita kapata mtoto wa kiume. Alinieleza habari hiyo huku anatabasamu, msibani! Nikampa mkono. Naye wa kwake hana jina bado, wazee wa kule wanavutana. Nikamwambia awe na subira, jina zuri halitafutwi kwa pupa.

Baba alisimama mlangoni. Baba mkubwa akasimama katikati ya ua. Baba mkubwa akasema, "Pole, mdogo wangu." Baba akasema, "Pole nawe, kaka. Ni baba yetu sote." Wakashikana mikono, na mikono ile haikuachana mpaka walipoketi. Wamekula ugali sahani moja. Shangazi analia upya, wanawake wanalia, Muhsini anafuta macho kwa kofia. Nimelia hata mimi, na mimi ndiye niliyejua.

Jumamosi, 21 Juni

Mazishi. Mwili hatuna. Baba mkubwa kasema aliyepotelea mbali huzikwa kwa mgomba. Uani kwangu kuna mgomba mmoja tu, una mkungu ambao Severina aliuhesabia siku. Umekatwa asubuhi. Severina hakusema kitu. Ningependa angesema.

Tumeuvisha sanda. Nimeubeba mimi mbele, Amedeus nyuma. Mzito! Katekista kaongoza sala, kauliza jina la ubatizo la marehemu, kaandika Zoltani bila kupepesa macho. Msalaba nimetengeneza mwenyewe, maandishi ya herufi nene, nimeyalaminisha yasiloe. ZOLTANI 1895–1917. Baba mkubwa kapapasa plastiki, kasema kijana wa Rupert ana kazi nzuri. Nimejisikia vizuri sana kaburini.

Halafu wakaninyoa. Mwenye marehemu hunyolewa kichwa chote. Baridi ya Juni ya Songea na upara mpya! Naandika nimejifunga kanga ya Severina kichwani. Si kitu. Kesho tanga linaanuliwa, kikao kinakaa, nasimama kuomba jina, napewa. Au wameninyoa bure?

Jumapili, 22 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tanga limeanuliwa. Watu wameoga, wamekula, kikao kimekaa chini ya turubai. Nikasimama. Nikakohoa. Baba mkubwa akainua fimbo kidogo, nikaketi.

Kasema wote tumemlilia marehemu, sasa yuko njiani kurudi. Swali ni nyumba gani atafikia. Zoltani alikuwa mkubwa wa babu. Kwa desturi yetu mkubwa hurudia nyumba kubwa. "Na nyumba kubwa," kasema, "ni yangu. Mjukuu wangu yuko Namtumbo anamsubiri."

Ukoo wote ukaitikia kwamba ndivyo. Ndivyo! Shangazi kapiga kigelegele! Amedeus kainama kwa adabu ya uongo. Nikamtazama baba. Baba hakusita hata kidogo. Kasema kaka yake kasema kweli, na yeye hatasimama tena kwenye njia ya kaka yake. Wakakumbatiana wazee wawili, fimbo ikaanguka, hakuna aliyeiokota.

Nilifungua mdomo. Niliazimia kusema. Ningesema Zoltani hayuko, hakuwapo, nimemtoa kwenye simu siku ya Jumanne saa kumi alasiri. Lakini watu wamelala kwenye mikeka siku tatu. Mbuzi kaliwa. Kaburi bado bichi, na msalaba una mwandiko wa mashine yangu. Severina akanikanyaga mguu. Nikafunga mdomo.

Baba mkubwa akauliza, na nyumba ya Rupert je, inamrudisha nani? Kabla sijapumua shangazi akasema kwa nini tutafute mbali, mwenyewe si huyu hapa kaketi. Watu wakacheka kwa furaha. Baba akatazama chini. Kasema yeye hapendi kumsumbua mtu.

Hapendi!

Jumatatu, 23 Juni

Bado sijashindwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama. Nimempigia Amedeus asubuhi. Nimemwonya kwa upendo: Zoltani alikuwa mwizi wa kuku, kwa maneno ya shangazi mwenyewe. Jina la namna hiyo linamfuata mtoto. Amedeus kacheka, kasema mwanawe ameshaanza kukamata vitu kwa nguvu, amerithi. Nimempa Wolfgang bure. Kasema wako wawili kwenye jumuiya yake. Nimempa Evander: Kigiriki, mtu mwema. Kasema huyo tumlilie mwaka gani? Hakuwa anatania. Kisha ameniomba wasifu ule, nakala ya rangi, aweke kwenye fremu sebuleni.

Mchana kaleta ujumbe wa kushukuru. Mwishoni kasaini: Baba Zoltani.

Nimefunga duka, nimekaa nyuma ya mashine mbovu ya fotokopi, nimelia kidogo. Hata jana usiku nililala nikilisikia jina lile. Lilikuwa langu! Nililitafuta mimi, nikalitungia mtu, nikamzika mtu, nikanyolewa.

Jumatano, 25 Juni

Nimepeleka jina kwa katekista. Nilimpa karatasi nimeandika Norbeti Zoltani Rupert, nikitumaini atachukua yote. Kakata mawili ya mwanzo kwa rula. Kasema baba ameshapita kwake, tangu jana.

Jumapili, 6 Julai

Ubatizo. Kanisa limejaa, watoto kumi na saba, kelele hadi darini. Baba kavaa koti ambalo sijaliona tangu harusi yangu. Baba mkubwa kaja tena kutoka Namtumbo, bila kuitwa. Wamekaa benchi moja.

Padre alipouliza jina nilisema Rupert. Sauti ilikuwa ndogo, nikarudia. Baada ya maji baba akampokea mtoto, kamtazama usoni muda mrefu, kasema, "Karibu, mimi." Basi hivyo tu. Nikapenga kamasi. Si baridi, kanisani kulikuwa na joto. Nilimwona baba anacheka, nikafurahi, na naandika hivyo kwa sababu shajara haisomwi na mtu.

Nyumbani matatizo yameanza. Severina hawezi kutaja jina la mkwewe, kwetu mke hathubutu. Kwa hiyo mtoto anaitwa Baba. Baba ana njaa. Baba abadilishwe nepi. Mchana Baba amekojolea suti yangu ya pekee. Nilifungua mdomo kufoka, shangazi Kasiana akanikazia macho. Nikasema pole, Baba.

Nimetazama daftari jioni. Rupert: Kijerumani cha kale, mwenye sifa ing'aayo. Si baya. Kumbe sikuwahi hata kulitafuta.

Jumanne, 8 Julai

Baba kaja dukani leo. Kwa mara ya kwanza tangu nilifungue! Kaketi kwenye kiti cha wateja, katazama mashine, kakataa soda. Kasema amekuja kunishukuru kwa ule msiba. Kasema miaka kumi na moja alikuwa anatafuta namna ya kumwita kaka yake, na kila namna ilihitaji mmoja wao aombe radhi. Msiba hauhitaji. Alikuwa ameshaanza kuogopa kwamba msiba utakaowakutanisha utakuwa wa mmoja wao. Nikasema hakuna taabu, baba, ni wajibu.

Akasimama kuondoka. Mlangoni akageuka.

"Siku nyingine ukitaka kumfufua mtu, niambie mapema," kasema. "Tupande mahindi ya kutosha."

Nimelifikiria neno hilo mchana mzima. Muhsini anadai baba alijua tangu mwanzo, na kwamba mzee kanicheza kama ngoma. Wivu wa jirani. Mimi namjua baba yangu. Maana yake iko wazi kabisa: amefurahia, na anataka tena. Kanifungulia mlango mwenyewe.

Na kosa nimeshaliona. Lilikuwa moja tu. Nilimfanya Zoltani kaka mkubwa! Ndiyo maana akaangukia nyumba kubwa. Angekuwa mdogo wa babu, nyumba ndogo, nyumba yetu, sasa hivi ningekuwa Baba Zoltani. Kosa la ufundi, si la wazo. Wazo lilikuwa safi.

Kwa hiyo alikuwapo mdogo wao, kitinda mimba. Alimfuata kaka yake vitani, akapotelea huko huko. Safari hii mfupi, jicho moja bovu tangu mwanzo, nisigombane na shangazi. Lisanda. Asili: Kigiriki. Maana: mkombozi wa watu. Nimeuliza sokoni, nimeuliza stendi, nimemuuliza katekista kwa kuzunguka. Songea nzima hayupo! Jina la nyumbani nimeliandaa pia. Lisanda ni jina la mtoto wetu wa pili. Severina bado sijamwambia kwamba kutakuwa na wa pili.

Jioni hii nimempigia baba. Nimemwambia msimu ujao aongeze ekari moja. Simu ikakatika hapo hapo. Naona alikuwa na haraka ya kutafuta mbegu.